Usimchore Mhusika Mpaka Kope

Wewe unayeanza kuandika hadithi hapa Mtwara, achana kwanza na "uso wa duara, macho ya kurembua, pua ya upanga". Msomaji ameyakuta mara nyingi mno, anayaruka. Hata ukimpimia pua, wa Newala atamvika mhusika wako sura ya shangazi yake na wa Mikindani sura ya jirani yake muuza samaki. Waache.

Mimi natoa alama moja, na naitoa mapema. Ukingoja ukurasa wa 40 ndipo useme mzee ana kovu shavuni, msomaji ameshamzoea mzee asiye na kovu. Atakuona wewe ndiye unayembadilishia mtu.

Tena alama hiyo ibebe habari. Bibi wa Kimakonde mwenye nembo (chale za urembo) usoni na tundu la ndonya, kile kipini cha mdomoni, kwenye mdomo wa juu ameshajieleza: umri wake, alikokulia, desturi zilizokuwa na nguvu alipokuwa msichana. Huna haja ya aya nzima ya maelezo. Ila nembo hizohizo ukimchanja binti wa leo anayesoma chuo, msomaji wa huku atataka sababu, na awe nayo haraka.

Kwa hisia za uso, nenda ukatazame mapiko, ngoma ya Wamakonde inayochezwa kwa kuvaa kinyago. Kinyago kimechongwa, hakikunji wala hakicheki, lakini watoto wanakimbia. Anayewatisha ni mchezaji, kwa shingo, mabega na miguu. Kwa hiyo badala ya "alikasirika, uso ukabadilika", mwonyeshe mkulima akiusukuma mzani wa korosho kwa goti bila kumtazama karani.

Halafu wapo wasomaji wasioona sura yoyote kichwani. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliandika habari za watu aliowataka waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa. Baadhi hawakupata picha hata kidogo. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter waliipa hali hiyo jina la afantasia. Wengi wao wanasoma riwaya na kuzifurahia vizuri tu, nadhani kuliko sisi tunaobishana kuhusu mwanya. Kwao nadhani sauti na matendo ya mhusika vina uzito kuliko sura, basi kila mhusika mpe namna yake ya kuongea.

Ukimaliza rasimu, wape wasomaji wawili na uwaulize mhusika anafananaje. Watatofautiana. Rekebisha pale tu tofauti hiyo inapovuruga kisa.