Nimeokoka, je nifute nyimbo zote za kidunia kwenye simu?

SWALI: Bwana asifiwe mtumishi. Mimi ni binti nimeokoka na naimba kwaya. Napenda sana nyimbo za mapenzi za zamani zile za taratibu, nazisikiliza nikiwa nafua au nikiwa safarini. Juzi kiongozi wetu wa kwaya kaziona kwenye simu akaniambia nifute zote, eti muziki wa kidunia ni wa shetani. Nimefuta nusu nikaishia hapo, moyo hauna amani. Ni dhambi kweli? Jina langu usiliweke.

JIBU: Amina binti yangu, na pole, hili linawatesa wengi kimyakimya. Hapana, wimbo haugeuki dhambi kwa vile tu haujamtaja Yesu. Fungua Mwanzo 4:21 umwone Yubali, baba yao wote wapigao kinubi na filimbi, huyo ni uzao wa Kaini kabisa, lakini nenda Zaburi 150 unakuta kinubi na filimbi hizohizo zinamsifu Mungu. Na Wimbo Ulio Bora je? Mahaba mwanzo mwisho, na umo kwenye Biblia.

Ila usishangilie mapema. Mimi shida yangu sio mdundo, ni maneno, maana neno likishaingia kwenye melodi halitoki, mahubiri ya Jumapili ikifika Jumatano ushasahau lakini kiitikio unakaa nacho miaka na miaka. Kwahiyo hizo zilizobaki zima muziki, chukua maneno yake uyasome kwa sauti kama unamsomea mdogo wako. Unaosema mke na mume wavumiliane mpaka uzeeni, mbona huo hauna tatizo, hata mimi naupenda. Ila unaosifia kuchukua mume wa mtu, au unaomfanya mwanamke kitu cha kuchezea, futa, hata biti iwe tamu vipi. Wafilipi 4:8 imetaja yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, haijauliza kaimba nani. Na kipimo hichohicho pitisha kwenye nyimbo za injili jamani, maana siku hizi kuna nyimbo tunaimba kanisani kabisa na ni vijembe kwa maadui tu, hamna msamaha humo ndani.

Halafu kuna wimbo msafi kabisa ila kila ukiusikia unamkumbuka yule mliyeachana, machozi, mara ushashika simu unataka kumpigia. Huo kwa mwenzio hauna neno, kwako uweke pembeni.

Kiongozi wako usibishane nae. Soma Warumi 14 yote, Paulo anaongea na waumini waliokuwa wanabishania vyakula, anasema anayekula huku ana shaka amehukumika, na muziki uuchukulie hivyohivyo, kwahiyo kama kwake kiongozi wako miziki ile inamrudisha alikotoka, mkiwa pamoja usiiwashe. Na wewe wimbo ambao dhamiri inakusuta kila ukiupiga, uache kwanza. Mwambie tu kwa heshima kwamba unazipitia mmoja mmoja.