Maswali ya Wasomaji: Nyungunyungu Wenyeji na Wageni

SWALI: Tumefundishwa kwamba nyungunyungu hurutubisha udongo. Je, wale walioletwa kutoka mabara mengine nao wana faida, na walivukaje bahari ilhali hawana miguu?

JIBU: Ndugu msomaji, faida yao hutegemea udongo wanamoingia. Nyungunyungu wakiachwa wajieneze wenyewe, husonga mbele kwa takriban mita 5 hadi 10 tu kwa mwaka. Bahari wamevushwa na binadamu, katika udongo ulioshika mizizi ya miche na katika farumi za merikebu, yaani udongo na mawe ya kuzipa uzito, na hata leo wavuvi huwasambaza wanapomwaga chambo kilichobaki kando ya maziwa.

Sehemu kubwa ya kaskazini mwa Amerika Kaskazini ilifunikwa na barafu katika zama za mwisho za barafu, na misitu iliyoota baada ya barafu kuyeyuka ilikua bila nyungunyungu. Majani yaliyoanguka yalioza polepole kwa kazi ya kuvu na bakteria, yakawa tandiko nene ambalo miche ya porini huotea. Lumbricus terrestris na jamaa zake wa Ulaya walipofika, walilila tandiko hilo mpaka udongo ukabaki mtupu. Mdudu yuleyule anayesifiwa shambani amekuwa mharibifu msituni.

Katika nchi za joto, mgeni mashuhuri ni Pontoscolex corethrurus, mwenye asili ya kaskazini mwa Amerika Kusini, ambaye huweza kuzaa bila kujamiiana, hivyo mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo mzima. Karibu na Manaus, nchini Brazili, msitu ulipofyekwa kwa mashine nzito ili kupata malisho, nyungunyungu wenyeji wa aina nyingi walitoweka naye akatawala; kinyesi chake kilishikamana juu ya ardhi kikazuia maji na hewa kupenya, kwa kuwa waliokuwa wakikitifua hawakuwapo tena. Kwa maoni yangu, lawama ya kwanza ni ya mashine, si ya nyungunyungu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba misitu ya joto ndiyo yenye aina nyingi zaidi za nyungunyungu?

JIBU: Si lazima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za nchi 57, ulionyesha kwamba ukichimba mahali pamoja, kwa kawaida utapata aina nyingi zaidi katika nchi za baridi ya wastani kuliko katika tropiki, na kwamba hali ya hewa ina uzito kuliko sifa za udongo. Hata hivyo, katika tropiki aina hubadilika upesi kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo jumla ya eneo pana huenda ikawa kubwa. Tena wapo wenyeji wa maeneo finyu mno hata nje ya tropiki: Megascolides australis, mwenye urefu wa karibu mita 1, hupatikana Gippsland tu, kusini-mashariki mwa Australia.