Maswali na Majibu: Draiva za Waifai na Thamani za Mwanzo

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Langoni, Lamu, naandika draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) ya Linux ya kadi ya waifai ya USB. Nikiichomeka, nguvu ya kurusha inasoma sifuri na haishiki mtandao. Nikizima waifai na kuiwasha tena, inashika. Wenzangu wanasema ni hizi kuta za matumbawe.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kuta nene za Mji wa Kale hula mawimbi kweli, lakini tatizo la ukuta haliondoki kwa kuzima na kuwasha. Kasoro iko kwenye msimbo wa programu ulionitumia. Fanksheni yako ya `start`, inayoitwa kila waifai inapowashwa, inaiandikia kadi kwanza, halafu ndipo inajaza thamani za mwanzo, yaani namba ambazo kadi huanza nazo kazi, kama nguvu na chaneli. Kumbukumbu inayoombwa kwa `kzalloc` huja ikiwa sifuri tupu, kwa hiyo mara ya kwanza kadi inaambiwa irushe kwa nguvu sifuri kwenye chaneli sifuri, ambayo haipo kabisa. Mara ya pili inazikuta thamani ulizojaza mara ya kwanza.

Zihamishie thamani hizo kwenye `probe`, fanksheni inayoitwa kadi inapochomekwa. Soma EEPROM (kumbukumbu ya kudumu iliyomo ndani ya kadi), jaza kila thamani waziwazi, hakikisha EEPROM haikurudisha takataka, ndipo uite `ieee80211_register_hw`, inayoisajili kadi kwenye Linux. Utaratibu huo usiuvunje. Ukishasajili kadi, NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, inaweza kuiwasha papo hapo, kabla `probe` haijafika mstari unaofuata. Wapo wanaotibu hili kwa kuongeza `msleep`, yaani kuisubirisha draiva kidogo. Nakuomba usiwafuate: kwako itapona, kwa mwenzako mwenye mashine ya kasi tofauti itaugua tena.

Swali: Kompyuta ikilala na kuamka, draiva yangu inasahau chaneli niliyochagua. (Malindi)

Jibu: Fanksheni yako ya `reset`, inayoiandaa kadi upya, inaita fanksheni ya thamani za mwanzo. Itenganishe nayo, iandike kwenye kadi yale yaliyomo kwenye kumbukumbu, basi.

Swali: Nataka laptopu igawe intaneti kwa chaneli 13, inakataa. Draiva mbovu? (Shela, Lamu)

Jibu: Huenda ni nzima. Endesha `iw reg get`. Ukiona 00, Linux haijui uko nchi gani, na hapo chaneli 12 na 13 ni za kusikiliza tu; kadi hairuhusiwi kuanza kurusha. Andika `iw reg set KE` ukiwa na ruhusa za msimamizi. Waandishi wa draiva wasije wakabandika nchi yoyote ili chaneli zifunguke. Hizo ni sheria za masafa, na anayeingiliwa ni jirani. Kama kadi imefungiwa nchi nyingine kiwandani, haitabadilika: tumia chaneli 1, 6 au 11.