Klasi ipo, methodi haipo: nilivyohangaika na Guava ndani ya Spark

Nilikuwa nyumbani Nyegezi, Mwanza, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kusoma takwimu za dagaa wanaoshushwa mwaloni na kuzitenganisha, siku za giza kando, siku za mbalamwezi kando. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, na mitumbwi mingi hulala ufukweni. Kwenye kompyuta yangu programu ya Spark, mfumo wa kuchakata data nyingi kwa mashine kadhaa pamoja, ilimaliza vizuri. Nilipoipeleka kwenye klasta, yaani kundi la mashine zinazogawana kazi, ikaanguka papo hapo: NoSuchMethodError, ikitaja Preconditions.checkArgument ya Guava, maktaba ya Java kutoka Google.

Nikaongeza faili la JAR (kifurushi cha klasi za Java) la Guava mpya kwa --jars, chaguo la Spark la kuongeza maktaba. Ikaanguka vilevile. Nikaongeza jingine. Siku mbili zikaishia hapo, nami nakuomba wewe usizipoteze.

Lisome kosa lenyewe. ClassNotFoundException maana yake klasi haikuonekana, na hapo kuongeza faili kunaweza kusaidia. NoSuchMethodError ni habari nyingine kabisa: klasi imeonekana, ila ni ya toleo lisilo na methodi unayoiita. Basi usitafute kilichokosekana; tafuta hii iliyopo imetoka wapi. Java yenyewe itakuambia ukichapisha Preconditions.class.getProtectionDomain().getCodeSource().getLocation(). Lakini ichapishe ndani ya mapPartitions, methodi ya Spark inayoendeshwa kwa kila kipande cha data, ili jibu litoke kwenye mashine za klasta zinazofanya kazi. Programu kuu peke yake inaweza kukupa jibu tofauti, nami ndiko nilikopotea kwanza.

Jibu langu lilikuwa guava-14.0.1, kutoka folda la Spark. Maktaba niliyoiita ilitaka checkArgument ya namna iliyoanza na Guava 20. Spark huja na maktaba zake, na kwa kawaida hizo hutangulia zako. Nyumbani, Maven, chombo kinachokusanya maktaba za mradi, ilikuwa inanipa Guava mpya, ndiyo maana sikuona tatizo.

Dawa iliyodumu ni maven-shade-plugin: unaibeba Guava yako ndani ya JAR huku com.google.common ikibadilishwa jina, na matoleo mawili yanaishi pamoja bila kugombana. Wapo wanaoshauri spark.executor.userClassPathFirst, mpangilio unaotanguliza maktaba zako mbele ya za Spark. Mimi siishauri. Nyaraka za Spark zenyewe zinasema ni ya majaribio, na klasi moja ikipakiwa mara mbili utapata kosa jipya, gumu kuliko la kwanza.

Endesha pia mvn dependency:tree, amri inayoonyesha mti wa maktaba zako zote, kabla ya kupeleka chochote. Matoleo yakigongana, Maven huchukua lililo karibu na mradi wako kwenye mti, hata kama ni la zamani. Angalia na mkia wa toleo la Scala, lugha iliyotumika kuandika Spark, kwenye majina: maktaba yenye _2.11 haifai kwenye Spark 3, iliyoanza na 2.12.

Spark yenyewe iandike provided kwenye pom.xml, faili la mipangilio ya Maven, ili isifungwe ndani ya JAR yako. Klasta tayari inayo, na JAR yangu ilipungua hadi nikaweza kuipandisha kwa bando la simu.