PPI baada ya 2019: mkopo wa gari na kadi ni madai mawili tofauti

SWALI: Nakusalimu, mwanasheria. Naishi Leicester tangu 2003, kwetu ni Tanga. Mwaka 2006 nilikopa benki pauni 9,000 za kununulia gari. Kijana wa benki akaniambia mkopo hautapita bila bima, nikasaini. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi za ajensi, leo ipo kesho haipo. Mkopo niliumaliza 2011. Benki hiyohiyo nilikuwa na kadi ya mkopo tangu 2005, na kila mwezi walikata hela ya "kinga ya malipo" mpaka nilipoisimamisha 2012. Kadi yenyewe niliifunga Novemba 2021. Matangazo ya 2019 ya kudai PPI, yaani hizo bima za mikopo, niliyasikia, ila nilikuwa namuuguza mume wangu, sikufuatilia. Sasa kuna mtu ananipigia simu, anasema nina pauni 6,400 zinaningoja, nitume kwanza 250 za kufungulia faili. Ni kweli? Na kama si kweli, ndiyo nimeshachelewa?

JIBU: Dada yangu, hizo 250 usitume. Tangu Septemba 2018 ni kosa Uingereza kampuni za madai kumpigia mtu simu bila idhini yake, kwa hiyo simu yenyewe imeanza kwa kuvunja sheria. Pili, hakuna mtu wa nje anayeweza kujua kwamba unadai pauni 6,400 kamili kabla benki haijatoa kumbukumbu zako. Tatu, anayetaka alipwe kwanza ili akupe hela yako, hana hela ya kukupa. Ukate simu, umzuie, na kama ulishampa namba ya akaunti, ijulishe benki yako leo.

Sasa tuje kwenye haki yako.

PPI, yaani hiyo bima uliyosaini na ile "kinga ya malipo" ya kadi, ilikuwa bima ya kulipia marejesho ya mkopo ukiugua, ukiumia au ukipoteza kazi. Bima yenyewe si haramu, na wapo iliowafaa. Ubaya ulikuwa katika namna ilivyouzwa. Watu waliambiwa ni lazima wakati ilikuwa hiari. Waliuziwa wastaafu kinga ya kupoteza kazi. Waliuziwa wagonjwa bima isiyolipia ugonjwa waliokuwa nao tayari. Wafanyakazi wa ajensi kama wewe mara nyingi hawakutimiza masharti ya kulipwa kazi ikikatika, kwa hiyo ulikuwa unalipia mwavuli usiofunguka. Na kwenye mikopo ya mkupuo, ada yote ya bima iliongezwa juu ya mkopo siku ya kwanza, ukalipa riba juu ya bima pia. Kwa maelezo yako, dalili mbili za kuuziwa isivyo haki zipo wazi.

Mwaka 2011 mabenki yalikwenda mahakamani kupinga kanuni za kushughulikia malalamiko haya, yakashindwa. Tangu Januari 2011 yamerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Kisha mamlaka inayosimamia mwenendo wa sekta ya fedha, FCA, ikaweka kikomo: 29 Agosti 2019. Nadhani tangazo unalolikumbuka ni lile la kichwa cha mashine cha Arnold Schwarzenegger kikiwafokea watu waamue. Kikomo hicho kinahusu malalamiko yanayopelekwa benki na kwa Msuluhishi wa Huduma za Fedha, njia ambayo ilikuwa ya bure. Kwa bima zilizouzwa hadi 29 Agosti 2017, njia hiyo imefungwa, isipokuwa kwa mwenye sababu ya kipekee kabisa. Ugonjwa mzito unaweza kusikilizwa, lakini utaulizwa kwa nini hukuandika mara tu ulipopata nafasi. Kumuuguza mume mwaka 2019, halafu kukaa kimya miaka iliyofuata, sidhani kama kutakuvusha.

Wengi wanaishia hapo. Wanaambiwa 2019 imepita, wanafunga daftari. Lakini FCA haina uwezo wa kufunga mlango wa mahakama. Mahakama ina ukomo wake wa muda, unaohesabiwa kwa njia nyingine kabisa.

Msingi wa dai la mahakamani ni kesi ya Plevin ya Novemba 2014. Bi Plevin, mjane na mwalimu wa chuo, alikopa pauni 34,000 kutoka Paragon akauziwa PPI ya pauni 5,780. Katika hizo, wakala alichukua 1,870, mkopeshaji akabakiza 2,280, na kampuni ya bima iliyobeba hatari yote ikapelekewa 1,630. Yaani asilimia 71.8 ya alicholipa ilikuwa kamisheni. Aliambiwa kwamba kamisheni ipo. Hakuambiwa ukubwa wake. Mahakama ya Juu ilisema kamisheni inaweza kuwa kubwa kiasi kwamba kumficha mteja kunaufanya uhusiano wa mkopeshaji na mkopaji kuwa usio wa haki, kinyume na kifungu cha 140A cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974. Na hapa kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui: ukishatoa madai hayo, ni benki inayopaswa kuthibitisha kwamba uhusiano ulikuwa wa haki. Wewe huthibitishi kinyume chake.

Kuna mpaka mmoja wa kuukagua mapema. Kifungu hicho kilianza kazi Aprili 2007, na mkopo uliokwisha kabla ya 6 Aprili 2008 hakiugusi. Wako ulikwisha 2011, kadi 2021. Yote miwili imevuka.

Kwa Uingereza na Wales, ukomo wa kawaida wa dai la namna hii ni miaka 6. Swali ni miaka 6 kuanzia lini.

Tuanze na mkopo wa gari. Ulikwisha 2011, kwa hiyo miaka 6 iliisha 2017. Ungebaki na njia ya kusema benki ilinificha kwa makusudi, muda uhesabiwe tangu nilipogundua. Njia hiyo ni halali. Bi Potter alikopa mwaka 2006 kwa benki ya Egg, ambayo baadaye iliitwa Canada Square. Aliuziwa PPI ya pauni 3,834, na katika hizo kampuni ya bima ilipata pauni 182.50 tu. Alishitaki 2018, miaka 8 baada ya mkopo kwisha, na Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema hakuchelewa, kwa sababu kamisheni ilifichwa naye asingeweza kuigundua mapema kwa juhudi za kawaida.

Ukisoma hukumu hiyo peke yake utafurahi. Lakini wewe si Bi Potter. Ukomo unaanza siku uliyogundua, au siku ambayo mtu makini angegundua. Wakili wa benki atakuuliza swali moja tu: matangazo ya 2019 uliyasikia? Umeshaniandikia kwamba uliyasikia. Mahakama ikikubali kwamba Agosti 2019 ndipo ungeweza kuuliza, miaka 6 iliisha Agosti 2025. Unaweza kubisha kwamba tangazo la PPI si sawa na kuambiwa kiasi cha kamisheni, na hoja hiyo si ya kipuuzi. Hata hivyo, fedha yangu mwenyewe nisingeiweka kwenye mkopo wa gari.

Kadi ni habari nyingine. Hapa ndipo ningetumia nguvu zako.

Oktoba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Smith dhidi ya Royal Bank of Scotland. Bwana Smith aliacha kulipia PPI ya kadi yake 2006, lakini mkataba wa kadi uliendelea hadi 2015. Alishitaki 2019. Benki ikasema bima ilikwisha zamani, dai limeoza. Mahakama ikasema hapana: kinachopimwa ni uhusiano wa mkopo mzima, na muda unahesabiwa tangu uhusiano huo ulipokwisha, si tangu bima ilipokoma. Ubaya wa mwanzo haufutiki wenyewe kwa sababu makato yamesimama. Unaendelea mpaka benki iurekebishe au mkataba ufe.

Kwa hiyo mwaka wako wa 2012 hauna uzito mkubwa hapa. Uzito uko Novemba 2021. Miaka 6 kutoka hapo ni Novemba 2027, na hapa huhitaji kuthibitisha kwamba ulifichwa kwa makusudi ili kuongeza muda. Hata ile kauli ya "mkopo hautapita bila bima", kama ilisemwa na kwenye kadi pia, inaingia kwenye mizani, kwa kuwa mahakama huangalia yote ambayo mkopeshaji alifanya au alishindwa kufanya.

Kwanza tafuta karatasi. Iandikie benki ukiomba taarifa zako zote binafsi kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa data. Ni bure, na wana mwezi mmoja wa kujibu, ingawa maombi magumu yanaweza kuongezwa miezi 2. Taja kwa jina: mkataba wa kadi, taarifa za kila mwezi tangu 2005, makato yote ya kinga ya malipo, na kiasi cha kamisheni. Weka anwani zako zote za zamani, maana ndizo wanazotafutia. Mabenki mengi huchoma kumbukumbu miaka kadhaa baada ya akaunti kufungwa, ndiyo maana nakuambia uombe sasa, usingoje 2027. Chukua pia taarifa yako ya mikopo kutoka Experian au Equifax, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu: akaunti iliyofungwa hukaa humo miaka 6, nayo itakuonyesha tarehe rasmi ya kufungwa. Tarehe hiyo ndiyo nguzo ya dai lako, usiitegemee kumbukumbu ya kichwa.

Usitarajie 6,400. Chukua mfano: tuseme ulikatwa jumla ya pauni 1,200, na kamisheni ilikuwa asilimia 70. Kamisheni ni 840. Mpango wa FCA ulikuwa ukirudisha kile tu kinachozidi asilimia 50, yaani 240. Mahakama haifungwi na kipimo hicho, inaweza kuamuru zaidi, hata kamisheni yote, pamoja na riba. Bi Potter alikuwa ameshalipwa kwa kipimo cha FCA. Alichokwenda kudai mahakamani ni kilichobaki.

Dai la chini ya pauni 10,000 kwa kawaida huenda kwenye utaratibu wa madai madogo. Uzuri wake ni kwamba ukishindwa, kwa kawaida hulipishwi gharama za wakili wa benki. Ubaya wake ni kwamba ukishinda nawe hurudishiwi za wakili wako. Ndiyo sababu dai la mamia ya pauni halimbebi wakili, na wanaolichukua kwa "usiposhinda hulipi" hukata fungu kubwa. Soma mkataba wao mahali palipoandikwa utalipa nini ukijitoa katikati. Wakili mkague kwenye daftari la SRA, mamlaka inayosimamia mawakili, kampuni ya madai kwenye daftari la FCA, na namba ya simu uichukue huko daftarini, si aliyokupa yeye.

Kama mkataba wa kadi unasema unafuata sheria ya Scotland, niambie, maana kule ukomo ni miaka 5 na hesabu yote hii inabadilika. Majibu ya benki yakifika, nitumie nakala, ila zifute kwanza namba za akaunti.