Barua kwa Mwanangu: Bangili ya Mpira na Dhahabu Isiyoonekana

Mwanangu Salma,

Waalaikumu salaam. Sisi huku Mombasa hatujambo, mama yako na nyanya yako wanakusalimu sana. Ujumbe wako nimeupata, pamoja na ile picha ya bangili nyeusi ya mpira uliyoiona makumbusho huko Munich. Umeniuliza: "Baba, wewe ni sonara, niambie kweli. Hii ni sanaa, au wanatuchezea akili?"

Ni sanaa, mwanangu, na tena ni kazi ninayoiheshimu.

Aliyeitengeneza ni Otto Künzli, mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha miaka mingi hapo hapo Munich. Aliitoa mwaka 1980 na kuipa jina la Kijerumani lenye maana ya "dhahabu hupofusha". Ule uvimbe uliouona kwenye mpira ni tufe la dhahabu lililofichwa ndani. Huwezi kuliona wala kulipima karati. Ama umwamini fundi, ama uupasue mpira, na ukiupasua huna bangili tena.

Mtu wa kazi yangu hawezi kulipita jambo hilo hivi hivi. Wewe umekulia dukani, unajua mteja akiingia huuliza nini: gramu ngapi, karati ngapi. Ujira wa fundi hupatanwa mwisho, tena kwa shingo upande. Simlaumu. Kwa mama zetu kidani ni akiba. Mtoto akiugua au karo ikikwama, kinarudi dukani. Kikirudi, mizani inahesabu dhahabu tu. Usiku niliokesha nikikinakshi haumo kwenye hesabu, na kikiingia motoni kazi yote imepotea. Kwa karne nyingi, hapa kwetu na Ulaya pia, pambo limeuzwa kwa uzito na kwa bei ya jiwe lake. Naamini hiyo ni sababu kubwa ya vito kuchelewa kuhesabiwa pamoja na uchoraji na uchongaji. Picha ya mchoraji hakuna anayeiyeyusha ili apate rangi yake.

Basi waliobadilisha mambo ni wale waliothubutu kuitenga thamani ya kazi na thamani ya madini. Mfaransa René Lalique alikuwa mmoja wa wa mwanzo. Mwishoni mwa karne ya 19 alianza kutumia pembe za wanyama, kioo na enameli (rangi ya kioo inayoyeyushwa juu ya madini), vitu ambavyo masonara wakubwa wa Paris waliviona duni, na kwenye maonyesho ya dunia ya Paris ya mwaka 1900 kazi zake zikawa gumzo. Kuna pambo lake la kifuani, mwanamke anayechomoza kinywani mwa kereng'ende, lenye upana wa zaidi ya sentimita 25. Tajiri mmoja mkusanyaji wa sanaa, Calouste Gulbenkian, alilinunua, na leo liko kwenye makumbusho yenye jina lake, Lisbon. Ukipata nafasi nenda kalione, usitosheke na picha.

Ila sonara ninayemrudia kila mara ni Art Smith. Alizaliwa Cuba mwaka 1917, wazazi wake Wajamaika, akakulia Brooklyn. Mwaka 1946 alifungua duka lake Greenwich Village, New York, na kwa kuwa alikuwa mtu mweusi alisumbuliwa mno na wabaguzi hata akahamia mtaa mwingine wa karibu. Hakuwa na mtaji wa dhahabu. Alifua shaba nyekundu, shaba ya manjano na fedha. Wacheza dansi wa jukwaani walimwagiza mapambo makubwa yatakayoonekana hadi viti vya nyuma, na nadhani huko ndiko mkono wake ulikozoea ukubwa. Itazame bangili yake iitwayo Lava: mabamba mawili yaliyopandana, kingo zake zikijipinda bila pembe hata moja, yamekumbatia kigasha kizima. Ukiiweka mezani ni madini yaliyokunjwa tu. Mwenyewe alieleza kwamba pambo halijakamilika mpaka likutane na mwili, na kwamba mwili ni sehemu ya ubunifu sawa na hewa na nafasi iliyo wazi. Kwangu hilo ndilo jibu la swali lako. Mchongaji humaliza kazi yake karakanani. Sisi kazi yetu humalizikia shingoni mwa mtu anayetembea, anayetoka jasho, anayegeuka akiitwa.

Waholanzi wakalichukua wazo la mwili wakalifikisha mbali. Gijs Bakker na mkewe Emmy van Leersum walionyesha mwaka 1967, katika makumbusho ya Stedelijk jijini Amsterdam, kola kubwa za alumini, madini yale yale ya sufuria zetu. Ni nyepesi na rahisi. Kola ya ukubwa ule ingekuwa ya dhahabu, shingo isingeimudu wala mfuko usingeimudu. Kisha mwaka 1973 Bakker akafunga waya mwembamba wa dhahabu kwenye mkono, akaukaza, akauondoa. Alama iliyobaki kwenye ngozi ndiyo ikawa pambo. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliacha tupa mezani nikakaa kimya kitambo. Dhahabu imefanya kazi yake na imeondoka, na hakuna wa kuipeleka kwenye mizani.

Si yote ninayoyakubali. Yako mapambo ya siku hizi yasiyovalika kabisa, yaliyotengenezwa yakae ndani ya kabati la kioo, nayo nayaona yamepoteza kile kile kilichoifanya kazi hii iwe tofauti na uchongaji. Künzli hakufika huko. Bangili yake inavalika, hata ya kwendea sokoni.

Sasa nina ombi. Hapo Munich kuna maonyesho ya vito yaitwayo Schmuck, yaliyoanza mwaka 1959, na kwa kawaida hufanyika mwezi wa tatu. Ukienda, usinipigie picha za mbele. Hizo nitaziona kwingine. Waombe kwa adabu wakugeuzie bruchi, yale mapambo ya kubana kwenye nguo kwa pini, unipigie picha ya pini ya nyuma: imelehemiwa wapi, na wamefanyaje isiivute nguo pambo likiwa zito. Nina bruchi ya shaba hapa mezani, nami pini yake bado inanisumbua.

Baba yako