Gesi ya Volkano Hupimwaje, na Kwa Nini Setilaiti Haitoshi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, hapa Kigoma tunaishi na jamaa wengi waliotoka upande wa Kongo, nao husimulia habari za mlima Nyiragongo na za mazuku, ile hewa nzito inayoua watu na mifugo mabondeni. Ikiwa siku hizi gesi za volkano hupimwa kwa setilaiti, kuna haja gani ya wataalamu kupanda mlimani?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Haja ipo, ndugu msomaji. Setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, huona vizuri moshi mwingi wa salfa dayoksaidi kama ule wa Nyiragongo, lakini hupita takriban mara moja kwa siku, na nukta moja ya picha yake hufunika kilomita kadhaa.

Njia ninayoithamini zaidi ni spektromita ya miali ya urujuanimno, yaani kifaa kinachopima miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Salfa dayoksaidi hufyonza miali hiyo, kwa hiyo mpimaji akipita kwa gari chini ya wingu la moshi, kifaa kikielekezwa juu, hupata kiasi cha gesi kilichotanda angani, na akikizidisha kwa kasi ya upepo hupata tani zinazotoka kwa siku. Udhaifu uko kwenye upepo: kasi yake ikikisiwa pungufu kwa theluthi moja, jibu nalo hupungua kwa theluthi, hata kifaa kiwe bora namna gani. Usiku hakifanyi kazi. Hata hivyo, vituo vya kudumu vikijengwa kuzunguka mlima, vipimo hupatikana mchana kutwa, na hilo ni jambo kubwa kwa mji kama Goma.

Kaboni dayoksaidi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hewa ya kawaida tayari ina zaidi ya sehemu 400 za gesi hiyo katika kila milioni. Hapo ndipo mtu hulazimika kukaribia kreta, yaani mdomo wa volkano, akiwa na kifaa cha Multi-GAS, kinachovuta hewa na kutoa uwiano wa gesi hizo mbili. Tani za salfa dayoksaidi zikishajulikana kwa spektromita, za kaboni hukokotolewa. Kwa Ol Doinyo Lengai, unaotoa salfa kidogo mno, hesabu hiyo ni ngumu.

Mazuku ni kaboni dayoksaidi iliyotuama, nzito kuliko hewa, hivyo hupimwa kwa kifaa cha mkononi kinachoshushwa karibu na ardhi, hasa alfajiri kabla upepo haujaitawanya.